Sare ya Hitima

Mwanamke wa kwanza alipoingia na leso ile, Jannat hakuona ajabu. Wa pili alipoingia nayo, alisema moyoni labda ni mtu na dadake. Halafu likaja kundi zima la kina mama kutoka Ndia Kuu, mabuibui meusi na juu yake leso ileile, nyekundu yenye maua meupe, maneno yake yameandikwa kwa herufi kubwa: MGENI WA MOYO HAPIGI HODI.

Ilikuwa siku ya hitima ya mamake. Bi Mejumaa, mwimbaji ambaye harusi ya Mombasa bila yeye ilihesabiwa nusu harusi, alikuwa amezikwa juzi alasiri, na tangu hapo nyumba yao ya Bondeni haikukaukiwa na watu. Wanaume walikuwa msikitini. Ndani, wanawake walikuwa wakijipanga mikekani na kugawana juzuu, na ukumbi wote umegeuka mwekundu. Mpita njia angechungulia dirishani angeapa kwamba anangojewa bibi harusi.

Na sare huvaliwa harusini. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Matangani kila mtu huja na leso aliyoikuta kambani, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuja kupendeza. Jannat aliwatazama wageni wake mmoja mmoja, akanyanyuka, akamfuata Mama Kadzo jikoni.

Mama Kadzo ndiye aliyekuwa mwitikiaji wa marehemu tangu ujana wao. Bi Mejumaa akianza ubeti, yeye hupokea. Naye pia alikuwa amejifunga nyekundu.

"Mama Kadzo, nani kapanga sare?"

"Si wewe, mwanangu? Mimi nalidhani ni wewe."

"Mimi? Nipange sare ya kumlilia mamangu?"

Mama Kadzo akaweka mwiko chini. "Basi ngoja. Mimi naliletewa hini kwa simu jana. Mji mzima umeletewa. Nikasema, ah, watoto wa siku hizi wana mambo yao." Akapapasa kifuani, akatoa simu, akampa.

Bi Mejumaa alikuwa akicheka. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, nazi mkononi, leso nyekundu begani, kichwa wazi, nywele zake za mvi zimesukwa mikia miwili. Juu ya picha: *Buriani Malkia wetu.* Chini yake: *Leso aliyoipenda. Sare ya hitima na arobaini. Wahi kabla hazijaisha.* Kisha bei ya jozi, namba ya simu na jina la duka: Badruddin na Wanawe, barabara ya Biashara.

Jannat aliisoma mara ya kwanza asielewe. Mara ya pili akaelewa.

Si kwamba hili lilikuwa tangazo la kwanza. Tangu msiba utangazwe, makampuni yalikuwa yakimlilia Bi Mejumaa kwa zamu. Kampuni moja ya simu ilimlilia kwa rangi zake. Kampuni ya soda ilimlilia, na chupa yao pembeni, baridi, inatoka jasho. Jannat aliziona zote akazipita. Asiyekujua hakuthamini, na wale hawakumjua mamake ila kwa sauti.

Lakini picha hii haikupigwa jukwaani. Bi Mejumaa hakuwahi kupigwa picha nyumbani bila wanja wala kilemba. "Sura ya jukwaani ni ya watu," alikuwa akisema, "ya jikoni ni yangu." Na mtu mmoja tu alipata kuingia na simu katika jikoni lile, siku aliyokuja kujitambulisha. Alikuja na zawadi ya leso, imefungwa karatasi ya duka lao. Bi Mejumaa aliifungua papo hapo akajitupia begani, akasema, "Kijana ana adabu huyu. Sasa babake je?"

Kaizar, mwana wa Badruddin. Jannat aliketi juu ya mbuzi ileile ya mamake, akailalia mikono yake. Hakulia. Alikuwa na hasira mno.

*

Hitima ilikwisha, kahawa na tende zikapita. Kaizar akaja na dadake Rumana kutoa mkono wa tanzia, yeye na kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, Rumana na rida ya buluu, joho na mtandio wa wanawake wa jumuiya yao. Rumana hakuwa amevaa leso nyekundu. Jannat alilitambua hilo mara moja, akamwandikia thawabu.

"Assalaam aleykum. Poleni na msiba."

"Waaleykum salaam. Tushapoa," alijibu Jannat, mato yake chini. Kisha akayainua, na hilo lilikuwa kosa. Kaizar alikuwa amekonda kwa siku zile chache. Alikuwa na macho ya mtu aliyelia kweli, na Jannat alimpenda mtu huyu tangu mwaka juzi. Alitamani, Mungu amsamehe, kumwegemea bega na kumwambia kwamba usiku sauti ya mamake haitoki masikioni. Badala yake alisema, "Ndoo uani tuzungumze. Na Rumana pia, watu wasije wakatusema."

"Mimi huwa ni pazia tu," Rumana alinong'ona akiwafuata. "Nyinyi zungumzeni, mimi sina masikio."

Uani kulikuwa na masufuria ya hitima yakingoja kuoshwa. Rumana alijikalia kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Kaizar alisimama. Jannat hakumkaribisha kiti.

"Umewaona wanawake ndani?" Jannat aliuliza.

"Nimewaona." Kaizar akatabasamu kwa mbali. "Mashaallah, mji mzima wampenda mamako. Nilipowaona vile wote pamoja, nilitaka kulia."

"Kwa hivyo wajivunia."

"Jannat?"

"Picha ile ulimpiga wewe."

"Ndiyo. Huikumbuki siku ile? Ndiyo picha nzuri kuliko zote. Zile za jukwaani zote zina wenyewe, wapiga picha wangetushtaki. Na mimi nikaona, kwa nini watu wamkumbuke kwa picha ya rangi ya midomo, wakati alikuwa mzuri hivi?"

"Hakutaka watu wamwone hivi."

"Hakuniambia."

"Angekwambiaje? Wewe ulikuwa mgeni, na alikuwa akicheka. Mtu akikukaribisha jikoni hukusomea masharti mlangoni?"

Kaizar akasema, kwa upole ambao ulimuudhi Jannat zaidi, "Kila mtu ametoa rambirambi, Jannat. Kampuni ya simu imetoa. Wenye soda wametoa. Mbona hao hukuwaita uani?"

"Hao hawakula kwetu!"

Sauti ilimtoka juu. Ndani, vikombe vilinyamaza kidogo, kisha vikaendelea. Rumana alijifanya anaangalia masufuria.

"Hao hawakula kwetu," Jannat alirudia polepole. "Wewe ulikula wali kwa mkono wa mamangu. Ulimletea leso, akaivaa hata haijapindwa, kwa furaha. Kumbe ulikuwa wamvalisha bidhaa."

"Haki ya Mungu, sivyo! Siku ile ilikuwa zawadi. Sikuwa na fikira nyingine."

"Na sasa?"

"Sasa…" Kaizar alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Leso zile zilikuwa zimelala stoo tangu kabla ya Ramadhani. Hakuna aliyezitaka. Baba alikuwa akinilaumu, kwa sababu ni mimi niliyezichagua. Mamako alipofariki, nikaiangalia ile picha usiku kucha. Nikamwonyesha Baba. Nikamwambia, leso hii Bi Mejumaa aliivaa."

"Ukamwonyesha babako."

"Nilitaka amwone mamako kwa jicho jingine! Wajua alivyosema. Nilidhani akiona watu wanavyomheshimu, akiona jina lake linavyoleta watu dukani, moyo utalainika. Kwako wewe. Kwetu sisi. Na umelainika, Jannat. Picha kubwa ameitundika yeye mwenyewe mlangoni, kwa mkono wake."

 Hapo ndipo machozi yalipomjia Jannat, lakini aliyafuta kwa ukali.

"Kaizar, babako alisemaje ulipomwambia wataka kunioa?"

"Usinirudishe huko."

"Sema. Rumana yuko hapa, atakusahihisha."

Rumana akakohoa. Kaizar alitazama sakafu. "Alisema sisi twaoana wenyewe kwa wenyewe. Na hata tungetoka nje, si kwa mtoto wa mwimbaji wa harusini."

"Basi. Mamangu hakufaa kuwa mkwewe, lakini sura yake yafaa kutundikwa mlangoni. Akiwa hai alikuwa aibu. Amekufa, amekuwa bango. Na wewe waniambia moyo umelainika."

   

Mlango wa uani ukasukumwa. Ami Ngumbao aliingia na sahani ya pilau mkononi, mdomo bado watafuna. Ami Ngumbao alikuwa mdogo wa marehemu babake Jannat, na ndiye mwanamume aliyebaki wa kusimamia ndoa yake. Misiba ilimfaa mwili. Humwoni mwaka mzima, ila penye biriani.

"Nasikia makelele. Kulikoni, mwanangu? Kijana wa watu kaja kutoa pole wamkaripia?"

"Ami, umeliona tangazo?"

"Nimeliona! Lapendeza. Tena mimi ndiye niliyeruhusu." Akajipiga kifua kwa vidole vya mafuta. "Kijana huyu ana adabu zake. Alinifuata msikitini siku ile ile ya mazishi, kaniuliza kwa heshima: Ami, twaweza? Nikamwambia, ruhusa. Na babake hakuwa mchoyo. Kanipa mkono wangu."

 Kaizar alifumba macho.

"Alikupa," Jannat alisema.

"Pesa za kusaidia msiba! Kwani pilau hini yatoka wapi?"

"Pilau hii ni ya wanakikundi wa Mama. Walichanga. Ami, nenda ukale, chakula chapoa."

Ngumbao alimwangalia, akamwangalia na Kaizar, akaona hapa hapana nyama. Akarudi ndani.

Jannat alipogeuka, sauti yake ilikuwa imeshuka. Kaizar, aliyemjua, aliogopa zaidi.

"Ulikwenda kuomba ruhusa."

"Ndiyo. Sikutaka kufanya kimyakimya. Nikamtafuta mwanamume wa nyumba, ndivyo nilivyolelewa. Ningekuulizaje wewe? Ulikuwa ndani, waosha maiti ya mamako."

"Ungengoja nitoke."

"Jannat, hitima ilikuwa siku ya tatu. Tungengoja…"

Akasikia mwenyewe alichokisema. Aliishia hapo.

"Malizia. Mngengoja, zingedoda."

 Rumana, ambaye hakuwa na masikio, alisema kutoka kwenye ndoo yake, "Mimi nilimwambia. Nilimwambia Kaizar, rambirambi haiwekwi bei chini yake."

"Rumana, nyamaza."

"Nimenyamaza tangu juzi."

"Ami Ngumbao ni mdogo wa babangu," Jannat alisema. "Kwa mamangu hana hata unywele. Wakati Mama anahangaika kunisomesha hakuja kugonga mlango. Umeomba ruhusa kwa asiyekuwa nayo, ukapewa, ukaridhika. Na siku ukija kuniposa utakwenda kwa yeye yuyo. Utamwuliza, Ami, twaweza? Atajipangusa mdomo aseme ruhusa. Kisha utaniambia uliuliza."

Maneno hayo yalimchoma Kaizar kuliko yote. Mtu akikwambia huna haya unaweza kubisha. Akikwambia heshima uliyoitoa uliipeleka mlango usio wake, unabaki na kofia yako mkononi.

Akatoa simu. "Naishusha sasa hivi. Mbele yako."

Alipiga. Simu ilipokewa kwa mlio wa kwanza, na Kaizar, sijui kwa kukosea au kwa kutaka asifiche kitu tena, aliiweka sauti ya wazi.

"Baba, naomba bango lishushwe. Na tangazo lifutwe."

"Lishushwe?" Sauti ya mzee Badruddin ilijaa uani, nyuma yake makelele ya wateja. "Nduguyo Juzer amefungua mtumba wa mwisho wa leso sasa hivi. Wanawake wamejaa mpaka barabarani. Nani kasema lishushwe?"

"Wenyewe hawakuridhia."

"Wenyewe nimewaridhisha. Kwani tumemtukana marehemu? Tumemuenzi. Mimi sikumkamata mtu mkono kumleta dukani. Wanampenda, wanataka kitu cha kumshika. Ni kosa kuwauzia?"

Jannat alijikuta akisikiliza kwa makini. Hapo mzee hakusema uongo. Wanawake wale ndani walilia kweli, na leso zile walizifutia machozi. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

"Kumpenda si kosa," Kaizar alisema. "Sisi tumependa faida ya mapenzi yao, Baba. Picha ile niliipiga nikiwa mgeni. Haikuwa yangu kukupa."

Mzee akauliza, "Uko wapi wewe? Uko kwa yule mtoto wa mwimbaji?"

Rumana akaziba uso kwa rida. Kaizar hakuondoa macho kwa Jannat.

"Ndiyo, Baba. Niko kwa Jannat."

"Basi sikiliza. Ukija kulishusha bango langu, funguo za duka uziache mezani, usizichukue tena."

"Nitampa Juzer," Kaizar alisema, na simu ikakatika.

 Kwa kijana aliyezaliwa nyuma ya meza ya duka lile, na babu yake kabla yake, hilo halikuwa neno dogo. Jannat alitamani kumshika mkono. Mkono wake ulikwisha kunyanyuka, akaurudisha akashika ukingo wa buibui lake.

"Nakwenda kulishusha," Kaizar alisema. "Umesikia mwenyewe. Kwa ajili yako."

"Basi usiende."

"Vipi?"

"Ukilishusha kwa ajili yangu, ili unioe, bado wafanya biashara. Umebadilisha tu unachonunua. Lishushe kwa sababu yeye hakutaka. Ungelishusha hata kama mimi nimeolewa na mwingine, hapo nitajua umefahamu."

  Kaizar akatikisa kichwa kukubali.

"Nipe hiyo simu," Jannat alimwambia. "Nataka kumwona."

Kaizar alifungua picha, akampa. Jannat alikuwa amejiandaa kuiona ileile ya tangazo. Haikuwa ile.

Picha ilikuwa pana kuliko tangazo. Bi Mejumaa alikuwa nusu yake tu. Nusu ya pili alikuwa Jannat mwenyewe, amepiga magoti sakafuni, mdomo wazi, chicha za nazi zimemjaa usoni mpaka kwenye nyusi. Alikumbuka. Alikuwa ameng'ang'ania kukuna yeye, mgeni amwone, na kifuu kikamtoka mkononi kikampiga kipaji cha uso, ndipo mamake akakalia mbuzi yeye. Mamake hakuwa anaicheka kamera. Alikuwa anamcheka mwanawe, kwa macho yaliyojaa mahaba hata mtu angeona haya kuyatazama.

Hakuwahi kuiona picha hii. Katika simu yake alikuwa na mamake wa jukwaani, picha tele, kila moja na wanja wake. Hii moja, ambayo ndiyo mamake kweli, ilikuwa kwa Kaizar.

"Nilikuwa nikupe siku ya nikahi," Kaizar alisema kwa sauti ndogo. "Niliiweka kwa hilo."

"Kwenye tangazo ulinikata."

"Nilikukata. Nilisema wewe usionekane, nikulinde."

"Ulinikata mimi ukamwacha Mama aelekee watu. Sasa yuwacheka nini pale mlangoni mwenu, Kaizar? Yuwacheka na nani?"

Kaizar alijibanza ukutani, akalia. Alilia bila kujificha, mbele ya dadake na masufuria. Jannat alilia pia, upande wake, na hatua mbili zilizokuwa kati yao hakuna aliyezivuka. Rumana aliwatazama wote wawili, akatoa leso yake ya mkononi, akajifutia mwenyewe.

Baada ya kitambo Jannat alijitumia ile picha kwenye simu yake. Alingoja mpaka akaiona imeingia. Kisha, pole pole, Kaizar akimwangalia, akaifuta kwenye simu yake Kaizar, akafungua na pale zinapokwenda zilizofutwa, akaifuta na hapo.

Akamrudishia. "Sasa ni yangu. Nitaichapisha niitundike jikoni, mahali pake."

"Na mimi nikitaka kumwona?"

Swali lile hakuwa amelitarajia. Aliona jinsi kijana yule alivyouliza, bila kujitetea tena. Alijua pia kwamba barabara ya Biashara yamngoja, na babake amesimama mlangoni, na kwamba huenda akifika pale moyo utamgeuka. Hilo hakuweza kumsaidia.

"Hapa si pa mwimbaji tena, ni pa mwanawe," alisema. "Ukija, usimpitie Ami Ngumbao. Usije na jina la duka, wala karatasi ya duka. Uje umeshamaliza na babako, kwa heri au kwa shari, uniulize mimi. Naweza nikakataa."

"Najua."

"Leso yenu yasema mgeni wa moyo hapigi hodi." Jannat aliufungua mlango wa uani unaotokea uchochoroni. "Wewe utapiga. Tena utasimama nje ungoje kujibiwa."

Kaizar alivaa kofia yake. Alipita karibu naye kiasi cha Jannat kusikia harufu ya udi kwenye kanzu yake, lakini hakumgusa. Akatoka, dadake nyuma yake, na mlango akaufunga Kaizar mwenyewe, kutoka nje.